Kerneli Moja, Njia Tatu: Muundo wa Mifumo ya Simu Iliyojengwa juu ya Linux

Simu nyingi zinazopangwa kwenye vioo vya maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, ziwe za Tecno, Infinix, Samsung au Xiaomi, huendeshwa na Linux, kerneli (yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa na programu) ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka wa 1991. Kerneli hiyohiyo imo katika seva, katika ruta nyingi za Wi-Fi za majumbani, na katika mifumo ya simu isiyojulikana sana hapa kwetu, kama vile Sailfish, Ubuntu Touch na postmarketOS. Kwa hiyo anayeuliza kama simu fulani inatumia Linux huwa bado hajauliza lolote litakalomsaidia kuielewa. Abiria wa Nairobi hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana matatu mbili zaweza kuwa na chesisi moja ya Isuzu na bado zikatofautiana katika kila kitu anachokigusa, kwa sababu bodi zilijengwa na watu tofauti.

Ulinganisho mwingi wa mifumo hii huanzia kwenye skrini: namna ya kufungua programu, umbo la menyu, wingi wa programu dukani. Mimi naona tofauti iliyo nzito kuliko zote iko chini kabisa, pale mfumo unapokutana na viendeshi vya vifaa, yaani msimbo unaoiwezesha kerneli kuzungumza na kila kifaa. Ni nani aliyeviandika viendeshi hivyo, vimefungamana na toleo gani la kerneli, na mfumo unavifikia kwa njia gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini simu moja huachwa bila masasisho ingali nzima, na kwa nini nyingine ya mwaka wa 2009 bado inaweza kuwekewa kerneli mpya.

Ahadi ambayo Linux haijaitoa

Kerneli hugawa muda wa prosesa, husimamia kumbukumbu, hulinda mafaili, na huzungumza na vifaa kama skrini, kamera, betri na modemu. Kwa programu zinazokaa juu yake, mradi wa Linux umeweka ahadi nzito: programu iliyofanya kazi kwenye toleo la zamani haipaswi kuvunjwa na toleo jipya, na Torvalds amekuwa mkali mno kwa wasanidi wanaokiuka kanuni hiyo. Kwa viendeshi vinavyokaa ndani ya kerneli yenyewe, ahadi ya namna hiyo haipo. Miundo ya ndani hubadilika toleo baada ya toleo, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa mradi, aliandika waraka unaosambazwa pamoja na msimbo wa kerneli akitetea uamuzi huo. Hoja yake ni kwamba kiendeshi kilichokabidhiwa kwa mradi mkuu hurekebishwa na yuleyule anayebadilisha muundo unaokigusa, hivyo mwenye kiendeshi hapati hasara yoyote. Anayepata hasara ni yule anayekiweka kiendeshi chake nje.

Na biashara ya simu imejengwa karibu yote juu ya viendeshi vilivyowekwa nje. Kampuni ya chipu kama Qualcomm au MediaTek, inapoandaa chipu mpya, huchukua toleo moja la kerneli na kulipachika msimbo wake mwingi. Kampuni ya simu hulichukua toleo hilo lililokwisha kubadilishwa, ikaongeza la kwake kwa ajili ya skrini, kamera na kitambua vidole. Kinachofika mkononi mwa mnunuzi ni nakala iliyoachana na mradi mkuu mara mbili, na kila mwezi unaopita huzidi kuachana nao. Simu zinazounganishwa Athi River, ambako kiwanda kilizinduliwa mwaka wa 2023, hazikwepi jambo hili, kwa sababu kuunganisha kifaa ni kazi moja na kutunza msimbo wa chipu ni kazi nyingine, na hiyo ya pili hufanywa mbali na hapa.

Kuna fundo jingine ndani ya hilo. Leseni ya kerneli, yaani GPL toleo la 2, humlazimu anayesambaza kifaa atoe msimbo wa kerneli aliyoitumia. Haimlazimu atoe msimbo wa programu zinazokaa juu ya kerneli. Ndiyo maana viwanda hubakisha ndani ya kerneli kiendeshi chembamba, kisha maarifa yenyewe ya kuendesha kamera au kuchora picha huyaweka katika maktaba (mikusanyo ya msimbo inayotumiwa na programu) zilizofungwa, yaani zisizotolewa msimbo wake, ambazo ziko nje yake. Anayetaka kujenga mfumo mwingine kwa ajili ya simu hiyo atapata kerneli, lakini bila maktaba hizo skrini yake itachorwa polepole na kamera haitafunguka.

Njia ya Android

Kampuni ya Android ilianzishwa mwaka wa 2003, Google ikainunua mwaka wa 2005, na simu ya kwanza, HTC Dream, ikatoka mwaka wa 2008. Wasanifu wake waliichukua kerneli ya Linux na kuacha karibu kila kitu ambacho kwa kawaida huandamana nayo. Maktaba ya msingi ya lugha ya C inayotumiwa na Debian au Ubuntu, mifumo ya Linux ya kompyuta, ni glibc. Android iliandika ya kwake, Bionic, iliyo ndogo na yenye leseni isiyowabana watengenezaji wa simu.

Uzito wa uamuzi huo unaweza kuonekana kwa macho. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, fungua dirisha la amri kwa kutumia adb (zana ya kuituma simu amri kutoka kwenye kompyuta), kisha andika uname -r. Utajibiwa kwa nambari ya toleo la kerneli, kama ambavyo seva yoyote ya Linux ingekujibu. Sasa nakili ndani ya simu programu ndogo iliyotengenezwa kwenye Debian kwa ajili ya prosesa za aina hiyohiyo ya ARM, ipe ruhusa ya kuendeshwa, na uiendeshe. Simu itakwambia kwamba faili hilo halipo, ilhali amri ya ls inalionyesha palepale. Kinachokosekana ni kiunganishi, yaani programu ndogo inayounganisha programu na maktaba zake, ambacho programu ya Debian imeandikiwa kukitafuta katika njia ya /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Android haina faili kama hilo, maana kiunganishi chake kiko katika /system/bin/linker64 na kinategemea Bionic. Kerneli ingeweza kuiendesha programu ile bila taabu. Mazingira yaliyo juu yake ndiyo yaliyo mengine.

Juu ya Bionic kuna mambo mawili ambayo hayana budi kuelezwa. La kwanza ni Binder, njia ya michakato, yaani programu zinazoendelea kutekelezwa, kuzungumza. Katika Linux ya kawaida kazi hiyo hufanywa na D-Bus, ambapo ujumbe hupitia kwa mchakato mmoja wa kati kabla ya kumfikia mlengwa. Binder ni kiendeshi kilicho ndani ya kerneli: ujumbe hunakiliwa mara moja tu, na mpokeaji huthibitishiwa na kerneli utambulisho wa aliyeutuma. Kwa kuwa kila programu ya Android hupewa nambari yake ya mtumiaji, kana kwamba ni mtu tofauti kwenye kompyuta moja, uthibitisho huo ndio msingi wa ruhusa zote unazoulizwa kuhusu kamera, mahali ulipo au orodha ya namba zako. La pili ni Zygote, mchakato unaoanza mapema simu inapowashwa na kupakia sehemu za mfumo zinazotumiwa na programu zote. Programu mpya inapofunguliwa, Zygote hujigawa, na mtoto wake hurithi kurasa zilezile za kumbukumbu bila kuzinakili hadi atakapozibadilisha. Kwenye simu yenye RAM ya GB 1 au 2, ambazo bado ni nyingi mjini, huo ni mpango unaostahili heshima. Programu zenyewe huendeshwa na mashine ya ART, iliyochukua kikamilifu nafasi ya Dalvik katika Android 5.0 ya mwaka wa 2014.

Uhusiano wa Android na mradi mkuu wa Linux haukuwa mzuri tangu mwanzo. Google ilihitaji namna ya kuilaza simu kila inapowezekana na kuizuia isilale kazi inapoendelea, ikatunga utaratibu wake ambao wasimamizi wa kerneli hawakuukubali. Mwaka wa 2010, katika toleo la 2.6.33, viendeshi vya Android viliondolewa kwenye mradi mkuu, vikaanza kurejea katika toleo la 3.3 la mwaka wa 2012. Leo Binder ni sehemu halali ya kerneli kuu, jambo ambalo lina faida hata kwa mifumo inayoshindana na Android, kama itakavyoonekana.

Mabadiliko ninayoyaona kuwa makubwa kuliko yote katika historia ya Android hayakutangazwa kwa mabango. Kabla ya mwaka wa 2017 mfumo na msimbo wa kiwanda vilikuwa vimechanganyika, kiasi kwamba toleo jipya la Android lilihitaji kwanza kazi ya kampuni ya chipu, kisha ya kampuni ya simu. Android 8.0 ilikuja na mradi wa Treble, ambao ulitenga sehemu mbili kwenye hifadhi ya simu: moja ya mfumo, nyingine ya kiwanda, na kati yake makubaliano ya namna ya kuzungumza yasiyobadilika ovyo. Tangu hapo mfumo uliweza kubadilishwa na msimbo wa kiwanda ukaachwa ulivyo. Baadaye Google iliingia ndani ya kerneli yenyewe. Simu zinazotoka kiwandani na Android 12 na kerneli 5.10 au mpya zaidi hutakiwa kutumia kerneli ya pamoja inayotolewa na Google, na viendeshi vya kiwanda huwekwa kando kama moduli, yaani vipande vinavyopakiwa ndani ya kerneli kutoka nje. Kwa maneno mengine, Google imeitoa yenyewe ile ahadi ambayo mradi wa Linux ulikataa kuitoa, ingawa imeitoa kwa kila tawi la kerneli peke yake na kwa muda maalumu. Mpango huu hauilazimishi kampuni yoyote kusasisha simu zake. Umeondoa kisingizio cha kiufundi tu.

Njia ya kuazima

Nokia ilikuwa na Linux mfukoni kabla ya Android: kifaa cha Nokia 770 chenye mfumo wa Maemo kilitoka mwaka wa 2005, na simu ya N900 ikafuata mwaka wa 2009. Maemo ilikuwa Linux ya kawaida iliyopunguzwa, yenye glibc, D-Bus na vifurushi vya aina ya Debian. Mwaka wa 2010 iliunganishwa na mradi wa Intel ukazaliwa MeeGo, lakini Februari 2011 Nokia ikachagua kushirikiana na Microsoft, na simu ya N9 ikatoka mwaka huohuo mradi ukiwa tayari umetupwa mkono. Waliokuwa wafanyakazi wa Nokia walianzisha kampuni ya Jolla nchini Ufini, na simu yao yenye mfumo wa Sailfish ikaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka wa 2013.

Walikabiliwa na tatizo gumu. Kampuni za chipu zilikuwa zikitoa viendeshi vya michoro kwa ajili ya Android peke yake, yaani maktaba zilizofungwa zinazotegemea Bionic, ilhali Sailfish inatumia glibc. Maktaba hizo mbili za msingi haziwezi kukaa ndani ya mchakato mmoja kwa amani, kwa sababu kila moja ina namna yake ya kupanga nyuzi za utekelezaji na kumbukumbu zake. Jibu lilitoka kwa msanidi Carsten Munk mwaka wa 2012 kwa jina la libhybris. Ni kiunganishi cha Android kilichowekwa ndani ya programu ya glibc: huipakia maktaba ya kiwanda, na kila maktaba hiyo inapoita kazi ya Bionic ambayo ingeleta mgongano, libhybris huuelekeza mwito huo kwa glibc. Kiendeshi hudhani kiko ndani ya Android na hufanya kazi yake kama kawaida.

Ubuntu Touch hupita njia hiyohiyo kwa mpangilio tofauti kidogo. Canonical iliutangaza mfumo huo Januari 2013, ikaachana nao Aprili 2017, na jumuiya ya UBports ikauchukua na kuuendeleza hadi leo. Ndani yake sehemu ndogo ya Android huwashwa katika kontena, yaani eneo lililotengwa ndani ya mfumo, ikiwa na huduma za kiwanda za modemu, vihisi na kamera, na mfumo wa Ubuntu huzungumza nayo kutoka nje. Mradi wa Halium uliundwa ili mifumo mbalimbali igawane sehemu hiyo badala ya kila mmoja kuijenga upya. Treble, iliyobuniwa kwa manufaa ya Android, imeirahisisha kazi ya Halium pia.

Mifumo hii miwili inanivutia kwa uzuri wa fikra zake. Sailfish huwa na mchakato uliokwisha kupakia maktaba za Qt zinazochora sura za programu, unaojigawa kila programu inapofunguliwa, mbinu ya ukoo mmoja na Zygote ingawa ilitokana na kazi ya Nokia. Ubuntu Touch huisimamisha kabisa programu isiyo mbele ya macho ya mtumiaji, isitumie hata chembe ya prosesa, na huifungia kila programu ndani ya mipaka ya AppArmor, sehemu ya ulinzi inayoamua kila programu iguse nini. Lakini yote miwili huazima pamoja na viendeshi kerneli ya kiwanda iliyogandishwa. Mfumo wa juu unaweza kuwa mpya kabisa, na chini yake kukawa na kerneli ya miaka mingi, hadi siku ambayo sehemu kama systemd, inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, itapandisha kiwango cha chini cha kerneli inayokubalika na simu ile ibaki nje.

KaiOS nayo ni ya ukoo wa kuazima, japo kwa sura haifanani na hizo. Ilitokana na Firefox OS ya Mozilla, ambayo ilikuwa na tabaka tatu: Gonk, yaani kerneli pamoja na sehemu za chini za Android, Gecko, injini ya kivinjari, na Gaia, sura ya mfumo iliyoandikwa kwa HTML na JavaScript. Mozilla iliiacha biashara ya simu mwishoni mwa mwaka wa 2015, KaiOS ikaichukua na kuipunguza ienee kwenye simu za vibonye zenye RAM ya MB 256. Gharama yake ni kwamba mfumo mzima unazeeka kwa kasi ya injini ya kivinjari: KaiOS 2.5 ilibaki na Gecko 48, ya mwaka wa 2016.

Njia ya kurudi kwenye mradi mkuu

Oliver Smith aliutangaza mradi wa postmarketOS mwaka wa 2017 akiwa na lengo la kuifanya simu iishi miaka 10. Msingi wake ni Alpine Linux, mfumo mdogo wenye maktaba ya musl, na msimamo wake ni kinyume cha kuazima: kiendeshi kiandikwe wazi, kikabidhiwe kwa mradi mkuu wa Linux, na kitunzwe humo pamoja na vingine. Simu nyingi katika orodha yake bado zinatumia kerneli ya kiwanda, lakini zile zilizofanikiwa zinaonyesha kinachowezekana. OnePlus 6, iliyotoka mwaka wa 2018 na chipu ya Snapdragon 845, hupokea kerneli za karibuni za mradi mkuu, na michoro yake huendeshwa na Freedreno, kiendeshi huria alichokianzisha Rob Clark. N900 ile ya Nokia nayo imo kwenye orodha.

Bei ya njia hii hulipwa kwa jasho la watu wachache. Kila chipu ya sauti, kila kihisi, kila namna ya kuokoa betri inapaswa kueleweka na kuandikwa upya, mara nyingi bila waraka wowote kutoka kiwandani. Kamera ndiyo hubaki nyuma kuliko vyote, na ulinzi kati ya programu na programu bado ni hafifu ukilinganishwa na wa Android, kwa sababu programu za kawaida za Linux huzaliwa zikiaminiana. Mtu anayebeba siri za kazi yake simuni anapaswa kulipima hilo kwa makini kabla ya kuhama.

Namba *334# inapopigwa

Kwa mkazi wa Nairobi mfumo wa simu hupimwa kwa pesa. Mifumo isiyo ya Android inaweza kuziendesha programu za Android ndani ya kontena: Sailfish ina huduma yake, na mingine hutumia Waydroid, ambayo huhitaji Binder ndani ya kerneli, na hapo ndipo kurejea kwa Binder kwenye mradi mkuu kulipowafaa wengine. Hata hivyo, programu nyingi za benki huuliza kwanza kama simu imethibitishwa na Google kuanzia kwenye chipu kwenda juu, na uthibitisho huo kontena haliwezi kuutoa. Inabaki njia ya namba fupi, kama *334# ya M-Pesa, ambayo haimuulizi mtu mfumo anaoutumia.

Ukipiga *334# kwenye Android, programu ya simu huikabidhi namba hiyo kwa huduma ya mawasiliano, nayo huivusha kwa Binder hadi kwenye huduma ya redio iliyo upande wa kiwanda, na huduma hiyo huisemesha modemu kwa lugha ambayo kampuni ya chipu pekee ndiyo huijua kwa ukamilifu. Kwenye Ubuntu Touch, kazi ya katikati hufanywa na oFono, mradi ulioanzishwa na Nokia pamoja na Intel, ambao mwishowe humfikia mjumbe yuleyule wa kiwanda aliyemo ndani ya kontena. Kwenye PinePhone (simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mifumo huria ya Linux) yenye postmarketOS, programu ya kupiga simu hutuma ombi kwa D-Bus hadi kwa ModemManager, huduma inayosimamia modemu, na ModemManager huipelekea modemu ya Quectel EG25-G iliyounganishwa ndani ya simu kwa USB, kana kwamba ni modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta. Hatua zote za safari hiyo ya tatu zina msimbo ulio wazi, hadi kwenye mlango wa modemu. Ndani ya modemu kuna prosesa nyingine, na prosesa hiyo nayo inaendesha Linux.